Toa Ubungo, Weka Temeke

Ingia steshenari yoyote jirani na Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, msimu wa kubaindi tasnifu, usome majalada yaliyorundikwa kaunta. "Tathmini ya Mchango wa..." "Changamoto Zinazoikabili..." "Nafasi ya..." Kisha nukta mbili, kisha "Uchunguzi Kifani wa Manispaa ya Ubungo". Vichwa hivi navipima hivi: toa Ubungo, weka Temeke. Kama hakuna hata sentensi moja ndani ya kazi inayopinga, umejaza fomu tu, kichwa bado hujaandika.

Tuseme umeandika "Tathmini ya Mchango wa Usafiri wa Bodaboda katika Kukuza Ajira kwa Vijana Nchini Tanzania: Uchunguzi Kifani wa Manispaa ya Ubungo". Maneno 20. Mwongozo wa uandishi wa kitaaluma wa APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, toleo la sita, ulishauri kichwa kisizidi maneno 12; toleo la saba likaondoa kikomo hicho. Mimi sihesabu sana, maana Kiswahili kina "ya" na "wa" zake zisizokwepeka. Kinachonikera ni kwamba maneno yote hayo hayajasema kitu. Na hiyo "Nchini Tanzania" imetoka wapi, wakati hukuvuka hata Kimara?

Kumbe sura ya nne ina jambo zito: madereva wa Manzese walio kwenye mkataba, wale wanaopeleka hesabu kwa tajiri mpaka pikipiki iwe yao, wanakesha barabarani kuliko wenye pikipiki zao. Hilo ndilo ulilolihangaikia juani na hojaji mkononi, halafu umelificha katikati ya kitabu. Andika basi: "Mkataba wa Bodaboda na Kazi ya Usiku kwa Madereva Vijana wa Manzese". Ukitaka kuweka Mbagala hapo, itakubidi upande gari uende Mbagala.

Utaniambia msimamizi ndiye anayetaka "tathmini ya". Mara nyingine ni kweli, na sikushauri ugombane naye mwezi wa mwisho. Tatizo ni kwamba kichwa hupitishwa pamoja na pendekezo la utafiti, kabla hujapata data hata moja, na vyuo vingi vinataka kibali ukikibadilisha. Kiombee kibali mapema, data zikishakaa sawa. Kwa kazi za muhula, ambazo hazina kibali wala barua, huna cha kujitetea.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoanza na methali ili wapendeze. Hawa, wakijitetea, hupenda kumtaja Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1969, yeye na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia hapa Dar es Salaam, walichapisha katika jarida la Physics Education makala kuhusu maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi. Kichwa chake: "Cool?" Neno moja na alama ya kuuliza. Kinavutia, sikatai. Lakini jaribu kukiandika leo kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba uone utakacholetewa. Watu huifikia makala ile kwa kutafuta athari ya Mpemba, jina la mtu mwenyewe. Jina lako wewe bado hakuna anayelitafuta, kwa hiyo waandikie wanachokitafuta: bodaboda, mkataba, Manzese.