Zoni kwa watoto: mechi tunashinda, lakini mtoto anajifunza nini?

Kuna ubishi ambao sisi makocha wa mpira wa kikapu wa watoto hatuumalizi, kila msimu ukianza unarudi palepale: timu ya chini ya miaka 12 au 14 icheze zoni, yani kila mlinzi analinda eneo lake, au icheze mtu kwa mtu, yani kila mlinzi anamkaba mpinzani wake? Wa zoni wanasema watoto wanataka kushinda na sisi tumekuja kushindana, wa mtu kwa mtu wanasema mnawaharibu. Mimi nimekaa pande zote mbili. Miaka yangu ya mwanzo nilikua zoni tupu, 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma karibu na kikapu) toka mpira unarushwa juu mpaka filimbi ya mwisho, kwahiyo sitaki kuwasema vibaya wanaoitumia maana najua kwanini wanaitumia.

Inashinda, hilo tusibishane. Mtoto wa miaka 11 hana nguvu ya kurusha pasi ya kuvuka kiwanja cha upana wa mita 15 juu ya vichwa vya watu, akiirusha inaelea mpaka mlinzi yeyote anaifikia. Shuti la mbali nalo hana, mstari wa pointi 3 wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, uko mita 6.75 toka kikapuni, mtoto akishuti toka pale anasukuma mpira kwa mwili mzima. So wewe unawapanga watano karibu na kikapu, mikono juu, wapinzani wanazungusha mpira huko nje mpaka wanachoka wanarusha tu. Afu sheria za FIBA hazina ile sekunde 3 ya mlinzi, ya kumkataza kukaa chini ya kikapu bila mtu wa kumkaba, ambayo NBA (ligi kuu ya Marekani) waliiweka kuanzia msimu wa 2001-02, kwahiyo senta wako mrefu anasimama chini ya kikapu mechi nzima na refa hana cha kumpigia.

Kuna hoja nyingine ya zoni na hii ndo naiheshimu kuliko zote. Kila timu ina yule mtoto mzito wa miguu. Ukimpa amkabe peke yake dribla mwepesi (anaekimbia na mpira akiudundisha) atapitwa mara 10 mbele ya wazazi wake, na wiki inayofuata humuoni mazoezini. Zoni inamlinda, anapewa eneo lake dogo na wenzake wako pembeni. Na muda je, kama mna mazoezi mara 2 kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, zoni ya 2-3 unaifundisha siku 2 ikaeleweka, mtu kwa mtu inataka miezi.

Na wanaosema zoni ni difensi ya kitoto wanakosea pia. Chuo cha Syracuse cha kocha Jim Boeheim walichukua ubingwa wa vyuo Marekani mwaka 2003 kwa zoni ya 2-3, wakaifunga Kansas 81-78. Marekani wenyewe wakafungwa na Puerto Rico 92-73 kwenye Olimpiki ya Athens 2004, wakawekewa zoni wakashuti pointi 3 mara 24 zikaingia 3 tu. Toronto Raptors kwenye fainali za NBA za 2019 walimuwekea Stephen Curry, yule mshutaji hatari wa Golden State, mtu mmoja wa kumganda na wengine 4 wakakaa zoni. Hizo ni difensi za watu wazima kabisa.

Ila hapa ndo nawakatalia wenzangu wanaozitumia hizi mechi kama ushahidi wa kumuweka mtoto wa miaka 10 kwenye zoni. Angalia ile mechi ya Syracuse inavyoisha, Kansas wako nyuma kwa pointi 3, mpira unaenda kona kwa Michael Lee yuko wazi, Hakim Warrick wa Syracuse anatoka kule ndani, anakimbia mpaka kona, ananyoosha mkono mrefu ule analifuta shuti. Huo sio usimamaji wa kwenye eneo lako, huo ni mtu anaejua kumsogelea mshutaji kwa kasi toka mbali, na unajifunza kwa kukaba mtu. Zoni nzuri imejengwa na vitu vilevile vya mtu kwa mtu, kumkaba mwenye mpira, kusaidia, kurudi, kufungia ribaundi (kumzuia mpinzani kwa mgongo asiufikie mpira wa shuti lililokosa). Mtoto anaeanza na zoni anarukishwa hivyo vyote anapewa eneo asimame.

Nakumbuka siku iliyonigeuza. Tulikua tunacheza mechi ya mazoezi, tunaongoza vizuri tu, nikamuangalia mlinzi wangu wa pembeni kushoto, mtoto msikivu kuliko wote. Mpira uko upande wa pili. Yeye mikono juu, macho kwenye mpira, miguu imenyooka kama mlingoti. Mpinzani akapita nyuma ya mgongo wake taratibu, anatembea yani, hakukimbia ata, akapokea pasi chini ya kikapu akafunga. Mtoto wangu akanigeukia akaniambia "kocha mimi nilikua kwenye eneo langu". Na kweli alikua kwenye eneo lake! Alifanya kila nilichomfundisha. Tatizo nilichomfundisha.

Baada ya hapo nikarudi kwenye ile drili ya walinzi 4 kwa washambuliaji 4 ambayo makocha wengi tunaiita sheli. Washambuliaji 2 juu, 2 pembeni, mwanzo hawaruhusiwi kudribo wala kushuti, wanapasiana tu taratibu. Mlinzi wa mwenye mpira anakaa umbali wa mkono, magoti yamekunjwa. Aliye pasi moja toka kwenye mpira anaweka mkono kwenye njia ya pasi. Aliye pasi mbili anashuka mpaka mguu mmoja uwe ndani ya eneo la sekunde 3, lile boksi la mbele ya kikapu, kidole kimoja kinaonyesha mpira kingine kinaonyesha mtu wake, ili kichwa kisizubae upande mmoja. Kanuni ni moja tu na naipigia kelele kila siku: unahama mpira ukiwa hewani. Ukisubiri udakwe ndo uhame umeshachelewa. Wiki za kwanza inachosha kuiangalia, watoto wanagongana, wanasahau watu wao, na kocha asiye na subira hapa ndo anarudi kwenye 2-3.

Ribaundi ndo pengo lingine ambalo watu wa zoni hawalisemi. Kwenye mtu kwa mtu shuti likienda kila mtu anajua nani wa kumfungia mgongoni, kwenye zoni humiliki mtu, unageuka unatafuta wa kumfungia na yeye ameshaingia. Watoto wakirefuka na wakaanza kushuti vizuri, hapo miaka 14 au 15, zoni ile iliyokua inashinda inaanza kutobolewa kwenye mstari wa mitupo huru na kwenye kona zote mbili, na mchezaji wako hana cha kurudia kwasababu hakufundishwa.

Sio mimi tu nawaza hivi. Miongozo ya vijana ya NBA na USA Basketball iliyotoka 2016 inataka watoto mpaka miaka 11 wacheze bila zoni. Japan nao shirikisho lao lilikwenda mbali zaidi, likaanza kuwataka walio chini ya miaka 15 wakabe mtu kwa mtu. Sisemi tukopi kila kitu, ila wamewaza kuhusu mchezaji wa miaka 10 ijayo.

Narudi kwa yule mtoto mzito wa miguu maana sijamjibu bado. Kumuacha apitwe siku nzima ni ukatili, na kocha anaeng'ang'ania mtu kwa mtu ya kubana kiwanja kizima na timu changa anawatesa watoto kwa ajili ya msimamo wake. Lakini kuna njia ya katikati. Mtu kwa mtu ya kujikusanya, yani mmoja tu anambana mwenye mpira, wengine 4 wote wanashuka karibu na kikapu, hakuna kukimbizana na mtu asie na mpira mita 8 toka kikapuni. Ndo difensi ya chuo cha Virginia cha kocha Tony Bennett waliyobebea ubingwa wa vyuo 2019, baba yake Dick Bennett ndo aliiasisi. Dribla akimpita mtoto wako anakutana na miili 2 pale ndani. Mtoto ana usaidizi karibu kama kwenye zoni, lakini bado ana mtu wake, bado anajua nani kamtoka na nani wa kumfungia ribaundi. Inaruhusu mashuti ya mbali, ndio, ila tushasema watoto wa umri huo hawana hilo shuti.

Zoni kwangu inaingia baada ya miaka 13 au 14, na kwanza kama somo la ushambuliaji, kwasababu watakutana nayo na lazima wajue kuivunja: mtu mmoja kwenye mstari wa mitupo huru, pasi za haraka, mpira uende ndani kabla ya kutoka nje. Saa ingine kwenye mashindano wachezaji wamebaki 6 na wawili wana faulo 4, ya tano wanatoka, hapo nitaweka zoni dakika 3 bila kujisikia vibaya.

Yule mlinzi wa kushoto niliendelea nae kwenye sheli msimu mzima. Sasa mpira ukiwa upande wa pili anashuka katikati, anaongea, anamwambia mwenzie "nipo nyuma yako", na mpinzani akijaribu kupita mgongoni anamkuta kifua kimeshageuka.