Nani aliipaka Neptuni buluu?

Kila inapotoka picha mpya ya anga za mbali, mabishano ni yale yale. Huyu anastaajabia uzuri wake, yule anadakia kwamba rangi zote zimewekwa kwenye kompyuta, kwa hiyo tunadanganywa. Huyo wa pili hupuuzwa upesi mno. Hoja anayo, ila mara nyingi huielekeza pasipo.

Shabaha yake kuu ni picha ya nguzo za gesi na vumbi katika Nebula ya Tai, wingu kubwa la gesi na vumbi kati ya nyota, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995. Kamera za Hubble hupiga picha zisizo na rangi. Kila picha hupita kwenye kichujio kinachoruhusu aina moja tu ya mwanga, kisha wataalamu huzigawia rangi na kuziunganisha. Katika picha ile salfa ilipewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Lakini mwanga wa haidrojeni uliopimwa pale kwa asili ni mwekundu, na ule wa salfa vilevile. Zingeachiwa rangi zao, gesi hizo mbili zingechanganyika machoni na tusingejua ipi iko wapi. Kijani kile ni alama, kama buluu ya bahari kwenye ramani.

Kwa darubini ya James Webb, madai ya rangi halisi yanakosa hata pa kusimama, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwanga inaoupokea ni wa infraredi, ambao jicho haliuoni kabisa.

Neptuni ni kesi tofauti, na hapa naungana na wenye shaka. Sayari ile ina rangi ambayo mtu angeiona kwa macho yake kama angefika. Chombo cha angani Voyager 2 kilipoipita Agosti 1989, picha zilikolezwa ili mawingu na mikanda ya angahewa yake ionekane vizuri. Wanasayansi walilieleza hilo wakati ule ule. Maelezo yakapotea njiani, picha ikabaki, na kwa zaidi ya miaka 30 Neptuni ikachorwa buluu iliyoiva huku Uranusi ikiachwa na weupe wa kijani. Januari 2024, watafiti walioongozwa na Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba sayari hizo mbili karibu zinafanana: zote ni buluu-kijani iliyopauka, Neptuni ikizidi buluu kidogo tu.

Mirihi nayo ilipata yake. Picha ya kwanza ya rangi kutoka Viking 1, chombo kilichotua huko, Julai 1976, ilitolewa ikiwa na anga la buluu kama letu, na baadaye ikasahihishwa: vumbi hulifanya anga la huko liwe na wekundu uliofifia. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mazoea ya macho ya duniani yalitangulia vipimo.

Wanaotetea uzuri wana hoja nzito pia. NASA, shirika la anga la Marekani, ilipofuta safari ya kwenda kuikarabati Hubble mwaka 2004, umma ulipinga vikali, na safari hiyo ikafanyika mwaka 2009. Sidhani watu wangeipigania darubini ambayo hawajawahi kuona picha yake.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1965. Chombo cha angani Mariner 4 kilikuwa kikituma picha za Mirihi kwa namba, polepole mno, na wahandisi, waliochoka kusubiri kompyuta izichakate, wakabandika karatasi za namba ukutani na kuzipaka kwa chaki za rangi. Wekundu ule waliuchagua wao wenyewe. Lakini namba zilibaki chini ya rangi, kila mtazamaji akiona ni namba ipi imepewa rangi ipi. Mashirika ya anga bado huandika maelezo ya namna hiyo kando ya picha zao, kichujio kwa kichujio. Wachapishaji wa vitabu na mabango ndio huyakata, na lawama za Neptuni ningewapelekea wao kabla ya kumgusa aliyeshika kompyuta.