Mzee Kagua

Ukiandika programu peke yako, hakuna wa kukuambia umeharibu. Miaka mitatu nimejisifu kwamba msimbo wangu hauna dosari, na shahidi nilikuwa mimi mwenyewe. Siku nilipoamua kutafuta mkaguzi sikumpata, nikajiteua. Kikwazo: GitHub, tovuti ninakohifadhi msimbo, haimruhusu mtu kuidhinisha mabadiliko aliyoyaleta mwenyewe. Nikafungua akaunti nyingine, jina Mzee Kagua, picha ya bundi.

Jioni naandika mimi. Asubuhi, kichwa kimepoa, anaingia mzee. Loo! Sikujua nina baba mkwe ndani yangu.

"Kijana, hii lugha ya programu, JavaScript, inahesabu miezi kuanzia 0. Januari ni 0, Desemba ni 11. Ankara zako zote ziko nyuma mwezi mmoja, na za Januari zimeandikwa mwezi wa sifuri. Huo mwezi mteja ataulipa lini?"

Nikamjibu kwa akaunti yangu: "Mzee, nilikuwa nimechoka."

"Choka, lakini kigeu usikiite data2. Data1 iko wapi?"

Kweli, data1 haikuwapo popote. Nikanuna kutwa nzima, huku nikirekebisha.

Kilichonitoka akilini ni kwamba mteja naye ana ruhusa ya kusoma humo GitHub. Akapiga simu. "Ndugu yangu, huyu Mzee Kagua umemtoa wapi? Nimesoma maoni yake yote. Ijumaa kwenye kikao cha video naomba awepo."

Ningesema ukweli yangeisha. Nikasema mzee sauti imemkauka, atachangia kwa kuandika.

Ijumaa nikakaa mbele ya kompyuta, simu nimeificha chini ya meza, ndani yake bundi. Mdomo unaeleza, kidole gumba kinakosoa. Mambo yakaenda vizuri, ila mteja akauliza mbona mzee akianza kuandika mimi nababaika. Nikasingizia intaneti.

Kisha mzee akashauri tuandike majaribio kabla ya kuongeza kitu kipya. Wazo zuri, nikataka kumuunga mkono. Kwa haraka nikaandikia kwenye simu. Kwenye skrini ikatokea:

Mzee Kagua: Nakubaliana kabisa na Mzee Kagua.

Kimya. Mteja akasogeza uso hadi kamera ikabaki na pua tupu. Akaniangalia, akamwangalia bundi, akaniangalia tena.

"Sawa," akasema. "Mkataba ujao nampa mzee. Wewe utakuwa msaidizi wake."