Pedi ni kazi ya anayezishika

Jioni katika jimu nyingi za Kilimani na Westlands pedi za ndondi, vile vito ambavyo kocha huvaa mikononi kupokea ngumi, hulia hadi barabarani. Kocha anataja namba, mteja anapiga, simu iko pembeni inarekodi. Hakuna ubaya wowote: jasho linatoka na mtu anarudi nyumbani ameridhika. Ila kwa bondia anayejiandaa kupanda ulingoni, mlio huo haumwambii mengi. Faida ya pedi, karibu yote, iko mikononi mwa anayezishika, na Nairobi tunafundisha watu kupiga pedi bila kumfundisha mtu kuzishika.

Gunia hujenga nguvu na pumzi, lakini halina kidevu wala halirudishi ngumi. Sparingi, yaani kupigana na mwenzako mazoezini, hurudisha ngumi, ila huwezi kuifanya kila siku bila kuharibu vichwa vya watu. Pedi huziba pengo hilo kwa kumpa bondia shabaha ndogo inayosogea, inayoweza kumgusa akizubaa, na inayoweza kusimama katikati ya raundi kumwambia mguu wake wa nyuma umelala.

Kosa linaloonekana zaidi ni mikono kutanuliwa. Mshikaji anaogopa kupigwa usoni, kwa hiyo anaweka pedi nje ya mabega, moja huku na nyingine kule. Bondia anazoea kupiga mahali ambapo mpinzani hana kichwa, kisha Jumamosi ya pambano ngumi zake zinapita kando ya masikio na kocha anashangaa. Pedi ikae kwenye mstari wa katikati wa mwili wa mshikaji, urefu wa kidevu chake, karibu na uso. Wako makocha wanaopokea jabu, ile ngumi nyoofu ya mkono wa mbele, kwa pedi ya kulia iliyoielekea moja kwa moja, na wako wanaoivusha na kupokea kwa ya kushoto. Sina ugomvi na upande wowote, mradi isiwe leo hivi, kesho vile. Kwa konde la kushoto la kupinda, pedi ya kushoto ndiyo hufaa, kiganja kikitazama ndani mbele ya taya. Kwa konde la kupanda kutoka chini, kiganja kitazame sakafu, kiwiko kimekunjwa, mkono karibu na kifua.

Kosa la pili ni kulifuata konde. Pedi inapaswa kukutana na ngumi kwa mwendo mfupi, sentimita 5 hadi 10 tu, ili ngumi ipate kitu cha kuisimamisha. Ukiisukuma mbele sentimita 30, mlio utakuwa mtamu sana, lakini umemnyima bondia umbali wake: mkono haunyooki, na siku mpinzani akirudi nyuma nusu hatua, ngumi inaishia hewani. Ukilegeza mkono nayo ni hasara ya pande zote mbili. Ngumi inapita na pedi, kiwiko cha mpigaji kinavutwa kupita kiasi, na bega lako linarushwa nyuma raundi baada ya raundi. Makocha wengi wanaolalamikia mabega wanapaswa kuchunguza hapa kabla ya kulaumu umri.

Halafu kuna suala la namba. “Moja, mbili, tatu!”, kila namba na konde lake, inafaa kwa anayeanza, kwa sababu anahitaji kujifunza mpangilio. Akishaujua, nyamaza. Ulingoni hakuna atakayemtajia namba. Ataona nafasi imefunguka, au hataiona. Kwa hiyo bandika pedi kifuani, tembea, mzunguke, kisha fungua moja ghafla kwa muda mfupi na uifunge. Akichelewa, asipige. Akimaliza makonde mawili au matatu na mkono wa kulia ukabaki kiunoni, mguse sikio kwa pedi, polepole lakini kila mara. Baada ya wiki chache mkono utakuwa unarudi wenyewe. Mshikaji asiyerudisha chochote anamfundisha bondia kwamba kupiga hakuna gharama.

Zile video za bondia wa Marekani Floyd Mayweather na baba yake mdogo, kocha Roger, pedi zikipokelewa kwa kasi ya ajabu bila kuangaliwa, zimetupotosha kidogo. Ule ulikuwa mpangilio waliourudia kwa miaka, wa kutengeneza mdundo, mabega na macho, na ulikuwa kipande kimoja cha mazoezi mazito sana. Kijana wa miezi minne akiuiga anabaki na vipigo vya mkono mtupu, visivyotoka mguuni wala nyonga.

Raundi tatu au nne zinatosha. Olimpiki ya Paris 2024, wanaume kwa wanawake, walicheza raundi 3 za dakika 3, na hicho ndicho kipimo cha bondia wa ridhaa: dakika 3 kazi, dakika 1 mapumziko. Raundi ya kwanza iwe jabu na miguu tu. Zinazofuata ziwe na makonde mawili hadi manne kwa mpigo, kisha sekunde chache za kutembea na kujilinda. Anayepiga mfululizo dakika tatu nzima anafanya mazoezi ya pumzi, na kwa hilo kamba ya kuruka na gunia ni bora. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Bondia aliyetoka Mombasa juzi ataishiwa pumzi mapema, na akichoka ufundi unaharibika. Mkatizie raundi badala ya kumpigia kelele.

Sasa hesabu ya kumbi za Eastlands: vijana 20, kocha mmoja, pedi jozi moja. Raundi tatu kwa kila mmoja pamoja na mapumziko ni dakika 240, yaani saa nne. Haiwezekani, ndiyo maana wengi hupata nusu raundi ya harakaharaka. Afadhali kocha atumie Jumatatu moja kufundisha vijana sita kushika, kwa jabu na mkono wa nyuma pekee, nguvu nusu. Anayeshika anafaidika pia, kwa kuwa anaiona ngumi ikianzia begani na macho yake yanazoea kutofumba. Pedi zisipotosha, jabu nyepesi hupokelewa kwa kiganja cha glavu ya nyuma, mbele ya kidevu. Makonde ya kupinda yasubiri.

Kuhusu vifaa, bandeji ya mita 4.5 inamtosha mtu mzima, na kifundo cha mkono kifungwe vizuri kabla ya vifundo vya vidole. Glavu za aunsi 12 zinafaa. Za sparingi ziachwe kwa sparingi, maana sponji yake ikibonyea ni mwenzako atakayeumia. Ukinunua pedi za mitumba, bonyeza katikati kwa kidole gumba. Shimo likibaki, ziache hata bei iwe mteremko, kwa sababu mshtuko wote utaishia kwenye vidole na kifundo cha mshikaji. Jaribu pia mkanda wa nyuma: ukitingisha mkono na pedi ikazunguka, itapindwa na konde la kwanza zito pamoja na kifundo chako. Baada ya mazoezi zipanguse na uzianike kivulini zikiwa wazi, kwani jua kali hupasua ngozi na begi lililofungwa huozesha sponji.