Kaya isiyokutwa haizibwi na jirani

Msimu wa kulima, ukiingia kijiji cha Bahi saa nne asubuhi utakuta milango mingi imefungwa. Wenyewe wako mashambani. Nilipokuwa mdadisi, yaani mtu anayepita kaya kwa kaya akiuliza maswali ya utafiti wa chakula, msimamizi wetu alitupa agizo ambalo mpaka leo linanikera: kaya msipoikuta, chukueni ya jirani.

Napinga kabisa. Jirani aliyekutwa pengine ana duka, au ni mstaafu. Aliyekosekana huenda yuko kwenye kibarua, anapalilia mtama wa mwenzake kwa kuwa ghala lake limekwisha. Utafiti wa chakula ukimwacha huyo, umewahoji walioshiba.

Wapo wanaosema uzani, yaani kuihesabu kila kaya iliyojibu kama zaidi ya moja ili ifidie zisizojibu, utarekebisha. Tuseme sampuli ni kaya 100, zikajibu 70, na kati ya hizo 14 zinakula mlo mmoja kwa siku. Hiyo ni asilimia 20. Zipandishe uzani hizo 70 zisimame badala ya 100, jibu litabaki asilimia 20 ileile. Uzani husaidia pale tu unapozigawa kaya kwa makundi, kwa mfano kwa kijiji au kazi ya mkuu wa kaya, na ndani ya kila kundi waliojibu wakawa wanafanana na wasiojibu. Kama njaa yenyewe ndiyo iliyomtoa mtu nyumbani, kufanana huko hakupo.

Mwaka 1946 Morris Hansen na William Hurwitz, watakwimu wa Marekani, walionyesha njia nyingine. Wao walihangaika na madodoso ya posta yasiyorudishwa, lakini njia yao inatufaa Bahi vilevile. Katika zile kaya 30 zisizojibu, chagua 10 kwa bahati nasibu, kisha zitafute kwa kila namna mpaka zote zijibu. Kila moja itahesabiwa kama kaya 3. Zikionekana 6 zinakula mlo mmoja, hizo ni sawa na kaya 18. Jumlisha na zile 14, unapata asilimia 32. Tofauti ya 20 na 32 ni watu wenye njaa ambao ripoti ingewafuta.

Kuzipata hizo 10 ni kazi, lakini inawezekana. Unakwenda jioni watu wakisharudi, au unamwomba mwenyekiti wa kitongoji akupeleke shambani. Kinachokosekana mara nyingi ni posho na mafuta ya pikipiki kwa siku za marudio. Ziwekwe kwenye bajeti kabla dodoso halijachapwa. Zisipowekwa, mdadisi atabisha hodi kwa jirani.