Magofu ya Wamaya yasiyo na barabara: nenda, ila nenda kwa miguu

Piramidi ya La Danta, iliyoko El Mirador kaskazini kabisa mwa Guatemala, ina kimo cha mita 72 ukihesabu tangu jukwaa lake la chini. Ni kati ya majengo makubwa kuliko yote yaliyoinuliwa na watu wa kale, lakini hakuna barabara ya kuifikia. Yupo anayekwenda kwa helikopta, na limewahi kutolewa pendekezo la kupitisha treni ndogo msituni ili watalii wafike kwa urahisi. Napinga treni hiyo, na helikopta siipendi. Magofu haya yanastahili wageni wengi zaidi ya wanaofika sasa, ila wageni hao wapite mikononi mwa vijiji vinavyoulinda msitu.

Kijiji ninachokisema ni Carmelita, mwisho wa barabara ya vumbi, kama kilomita 80 kaskazini ya mji wa Flores. Kilianza kama kambi ya wagema chicle, utomvu uliotengenezewa ubani wa kutafuna, na magofu mengi ya Petén, mkoa huu wa kaskazini, yalijulikana na wagema hao kabla mtaalamu yeyote hajayaona. Tangu 1997 wanakijiji wana kibali cha kuvuna msitu kwa kiasi: mbao chache za mkangazi wa huko, majani ya xate yanayouzwa kwa wapamba maua, na chicle yenyewe. Maeneo ya vibali vya namna hii yamebaki na miti, ilhali Laguna del Tigre, iliyo mbuga kamili kwenye karatasi, imeliwa na moto na malisho ya ng'ombe. Anayeruka kwa helikopta hakodi nyumbu wa mizigo, hamlipi mpishi wala mwongozaji, na hanunui hata chapati ya mahindi.

Safari yenyewe ni siku 5 kwenda na kurudi kwa njia ileile, au 6 ukizunguka kupitia magofu mengine ya Nakbé. Siku ya kwanza unalala kwenye magofu ya El Tintal, ya pili unafika El Mirador, ya tatu unabaki hapo kuangalia mji, kisha unarudi. Kila siku ya mwendo ni kilomita 20 na ushei, njia tambarare chini ya kivuli. Nyumbu hubeba mahema, chakula na maji. Wewe beba lita 3 za maji ya kunywa njiani, na anza kuyanywa asubuhi kabla hujaona kiu. Benki hakuna Carmelita, kwa hiyo toa pesa taslimu Flores, na omba noti ndogo za quetzal.

Kinachowafanya watu wakatize safari mara nyingi ni nyayo. Viatu vipya huchubua, na soksi mbichi humaliza kazi. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, badili soksi kila mnapopumzika mchana, na ukihisi ngozi inaanza kuwaka bandika plasta hapohapo, usingoje lengelenge. Februari na Machi ndiyo miezi mizuri. Aprili na Mei njia bado ni kavu, lakini joto ni kali na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika upeo, hivyo unapanda La Danta usione kitu. Mvua zikishaanza usijaribu, maana matope hufika magotini.

Matope hayo yana historia, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko yote ya El Mirador. Mabonde yanayoitwa bajos yana udongo wa mfinyanzi mzito unaoshika maji. Baadhi ya wanaakiolojia waliochimba huko wanasema zamani yalikuwa vinamasi vyenye tope jeusi la rutuba, ambalo watu walilibeba hadi kwenye mashamba yao. Halafu ukaja uchu wa chokaa. Sakafu na kuta za mji zilipakwa lipu nene, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo unene ulivyozidi. Anayelijua tanuu la chokaa la mwambao wetu anajua linavyomeza kuni. Miti ikakatwa, mvua ikashusha mfinyanzi kutoka miinukoni, tope jeusi likafukiwa. Karibu na mwaka 150 BK mji ukahamwa. Unapochomoa mguu bajoni, huenda unakanyaga sababu mojawapo ya watu kuondoka.

Asiyeweza kutembea siku tano aende Yaxchilán, mji mwingine wa Wamaya upande wa Meksiko, kwenye kona ya mto Usumacinta. Boti hutoka Frontera Corozal, na kuteremka na maji ni dakika 40 hivi. Kurudi ni zaidi kwa kuwa mnapanda mto. Bei ni ya boti nzima, kwa hiyo tafuta wenzako gatini. Kosa la kawaida ni kupanda bila kukubaliana muda. Nahodha akikupa saa mbili, nusu ya mji utaiacha. Taka saa tatu, na mpatane kabla injini haijawashwa. Ingia kupitia Jengo 19, lenye korido za giza na popo, ukiwa na tochi. Kisha uwanja mkubwa. Halafu panda ngazi hadi Jengo 33 kabla jua halijawa kali.

Utukufu wa Yaxchilán uko juu ya milango. Mawe ya linta yamechongwa nakshi upande wa chini, kwa hiyo anayepita bila kuinua shingo haoni chochote. Kuna mbinu moja: usielekeze tochi moja kwa moja kwenye nakshi, maana mwanga wa mbele hufuta vivuli na jiwe huonekana bapa. Ishike kando, karibu igusane na ukuta, mwanga ulambe uso wa jiwe kwa ubavu. Ghafla vidole, manyoya na shanga hujitokeza. Kwa stela, yale mawe marefu ya wafalme yaliyosimamishwa viwanjani, jua la asubuhi mapema au la jioni hufanya kazi hiyohiyo. Usilowanishe jiwe wala kulipaka chaki ili picha itoke vizuri.

Jifunze tarakimu kabla ya kwenda, ni kazi ya dakika tano. Nukta ni 1, mstari ni 5, alama ya kombe ni 0. Mstari mmoja na nukta nne ni 9, na ukiuona mwanzoni mwa tarehe ndefu jua uko kati ya mwaka 435 na 830 BK, kipindi cha mawe mengi utakayoyakuta. Linta namba 24 ya Yaxchilán inaonyesha mfalme ameshika mwenge na malkia K'abal Xook amepiga magoti akivuta kamba ya miiba katikati ya ulimi wake, 28 Oktoba 709. Huioni kwenye Jengo 23, kwa sababu Mwingereza Alfred Maudslay aliichukua miaka ya 1880, ikapunguzwa unene ili ibebeke. Msomaji aliyeko London anaweza kwenda kuitazama British Museum bila kiingilio. Rai yangu ni kwamba ingerudishwa.

Kuhusu msitu: usishike mti usioujua. Chechem, wenye madoa meusi ya utomvu kwenye gome, ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake hubabua ngozi. Msufi utautambua mara moja, ndio huuhuu wetu, na kwa Wamaya ni mti mtakatifu. Nyoka barba amarilla hulala kwenye majani makavu, kwa hiyo usiku usitoke hemani bila tochi na viatu. Magharibi inapokaribia vaa mikono mirefu, kwani usubi hueneza leishmania, ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Kidonda kisichopona baada ya wiki kadhaa kionyeshe kwa daktari na umtajie ulikokuwa.

Mwenye siku moja au mbili tu aende Uaxactún, huko Guatemala, kilomita 23 kaskazini ya magofu maarufu ya Tikal, kijiji kingine chenye kibali cha msitu. Simama juu ya piramidi E-VII alfajiri: jua huchomoza nyuma ya hekalu la kaskazini Juni, la katikati Machi na Septemba, la kusini Desemba.

Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, Guatemala hukidai. Na kabla ya kumlipa wakala yeyote Flores, muulize mwongozaji anatoka kijiji gani, nyumbu ni wa nani, na je, maji ya siku zote yamo kwenye bei. Akishindwa kukitaja kijiji, panda basi uende Carmelita ukapatane na wenyewe.