Ramani ya hatari ianzie shambani

Makala moja niliyosoma inasema wilaya za Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, zichorewe ramani mpya ya hatari ya maporomoko ya udongo kwa picha za setilaiti. Naunga mkono, lakini picha pekee haitoshi. Mwaka 2010 udongo ulifunika Nametsi kule Bududa, 2018 mto ukashusha mawe na magogo hadi Bukalasi, na Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Kabla udongo haujashuka, mara nyingi huonyesha dalili: ufa unaopita katikati ya migomba na kahawa, mpana kiasi cha kuingiza mkono, miti iliyoanza kulala, chemchemi inayotoa maji ya tope ghafla. Anayeziona kwanza ni mama anayepalilia hapo. Basi wapimaji wakae naye, waandike anachojua.

Tena wapime watu, si miteremko tu. Nani ana mgonjwa kitandani? Shule iko upande gani wa mto? Na kwa kweli, ndugu zetu wa serikali, msimwambie mtu ahame bila kumwonyesha shamba atakalolima. Manusura waliohamishiwa Kiryandongo, wilaya iliyo mbali na mlima, baada ya 2010, baadhi walirudi mlimani. Hilo nalo liingie kwenye tathmini.